Sarafu Isiyo na Mwenyewe Haina Wakili

Neno kuwakilisha lina ukoo na neno wakili, na wakili hajiteui. Kwanza huwapo mteja, ndipo huwapo wakili. Mteja humpa idhini, humweleza shida yake, na siku akichoka naye humwondoa. Hata wakala wa kutuma pesa kwa simu, yule anayekaa chini ya mwavuli pale stendi, hawi wakala kwa kupaka kibanda chake rangi tu. Kampuni humsajili, humpa namba, na akikudhulumu unajua pa kumshtakia. Palipo na wakili au wakala, pana aliyemtuma.

Hoja ya insha hii imejengwa juu ya jambo hilo moja. Mashirika yanayojitangaza kuwa yanawakilisha sarafu ya kidijitali isiyo na kitovu, hasa Bitcoin, yanadai uwakili ambao hakuna mteja aliyeutoa wala anayeweza kuutoa. Madai hayo yana madhara. Yanawavika wafanyabiashara heshima wasiyoistahili, yanawapotosha watawala wanaotunga sheria, na yanawazoesha raia wa kawaida kumwamini yeyote mwenye ofisi na kadi ya jina. Nitaonyesha madhara hayo kwa mifano iliyokwisha kutokea.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuigusa sarafu hii, ni vyema kueleza kwanza inavyofanya kazi. Tarehe 31 Oktoba 2008, mtu au kikundi cha watu kilichojificha nyuma ya jina la Satoshi Nakamoto kilisambaza andiko la kurasa 9 lililoeleza namna ya kutumiana fedha kwenye intaneti bila kupitia benki. Tarehe 3 Januari 2009 daftari la sarafu hiyo likafunguliwa. Daftari hilo halikai mahali pamoja. Nakala zake zimo katika maelfu ya kompyuta duniani, na kila kompyuta hukagua yenyewe kila muamala kabla ya kuukubali. Takriban kila dakika 10 ukurasa mpya huongezwa na wale wanaoitwa wachimbaji, ambao hulipwa kwa sarafu mpya na kwa ada za miamala. Jumla ya sarafu zote haitapita milioni 21. Programu yenyewe ni huria: yeyote anaweza kuisoma, kuinakili na hata kuibadili, ila hawezi kumlazimisha mwenzake atumie toleo lake. Ndiyo maana tunasema sarafu hii imegatuliwa. Kila anayeendesha programu ni mlinzi wa kanuni, na hakuna aliye mlinzi mkuu.

Nakamoto mwenyewe alijiondoa kufikia mwaka 2011. Kazi ya kutunza msimbo wa programu aliwaachia wengine, mashuhuri wao akiwa Mmarekani Gavin Andresen. Lakini hakumwachia yeyote mamlaka juu ya watumiaji, kwa kuwa hata yeye hakuwa nayo. Hapo ndipo penye fundo. Sarafu ya nchi ina benki kuu, benki kuu ina gavana, na gavana ana sahihi yake kwenye noti. Sarafu hii haina gavana. Anayetaka kuiwakilisha atuambie kwanza ametumwa na nani.

Mnamo Septemba 2012 lilizaliwa shirika lililoitwa Bitcoin Foundation, lenye makao yake Marekani. Miongoni mwa waanzilishi walikuwamo Andresen, Peter Vessenes, Patrick Murck, Roger Ver, Charlie Shrem na Mark Karpelès. Shirika lilitangaza kwamba kazi yake ni kusanifisha, kulinda na kueneza matumizi ya Bitcoin kwa faida ya watumiaji wa dunia nzima. Mfano wake, walisema, ni lile shirika linalosimamia maendeleo ya programu ya Linux.

Tuvitazame vitenzi hivyo vitatu, maana sisi tunaosoma lugha tunajua kwamba kitenzi hubeba mtenda. Kueneza hakuna ubaya. Kila mtu ana haki ya kusifia akipendacho. Kulinda kunazua swali: kulinda kwa silaha gani? Kinachoilinda Bitcoin dhidi ya sarafu za bandia ni zile kompyuta zinazokagua miamala, na kompyuta hizo hazikuwa mali ya shirika. Kusanifisha ndiko kuzito kuliko vyote, kwa sababu anayesanifisha ndiye anayeamua lipi sahihi na lipi kosa. Kiswahili kilisanifiwa na kamati iliyoundwa na serikali za kikoloni miaka ya 1930, na mpaka leo tunabishana ni lahaja zipi zilizodhulumiwa. Basi fikiria sarafu ambayo sifa yake ya kwanza ni kutokuwa na kamati, kisha watu wachache wajiundie kamati. Na huo mfano wa Linux haufai. Linux ni programu ya kuendeshea kompyuta. Hakuna mjane aliyeweka akiba ya maisha yake ndani ya Linux.

Madhara ya kwanza yalionekana mapema. Waswahili husema mwamba ngoma huivutia kwake. Karpelès, aliyekaa kwenye bodi ya shirika, ndiye aliyekuwa mkuu wa Mt. Gox, soko la kubadilishia sarafu lililokuwa mjini Tokyo na ambalo wakati mmoja lilikuwa kubwa kuliko yote duniani. Shrem, makamu mwenyekiti, alikuwa mkuu wa kampuni ya BitInstant. Mtu wa kawaida aliyejiuliza kama soko la Mt. Gox linaaminika alikuwa na jibu mbele ya macho yake: mwenyewe ni mjumbe wa bodi ya shirika linaloilinda Bitcoin. Nani angekuwa mwaminifu zaidi?

Januari 2014 Shrem alikamatwa New York. Baadaye alikiri kosa la kusaidia biashara ya kuhamisha fedha isiyo na leseni, na mwishoni mwa mwaka huo akahukumiwa kifungo cha miaka 2. Februari 2014 Karpelès alijiuzulu kwenye bodi, na siku chache baadaye, tarehe 28, Mt. Gox ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Bitcoin zipatazo 850,000 zilitangazwa kuwa zimetoweka, nyingi kati yake zikiwa za wateja; baadaye zilipatikana takriban 200,000. Kwa haki ya Karpelès ni lazima isemwe kwamba mwaka 2019 mahakama ya Tokyo ilimtia hatiani kwa kuchezea kumbukumbu za hesabu, lakini ikamwondolea shtaka la ubadhirifu. Simwiti mwizi. Nasema kwamba kile kiti cha bodi kilimpa dhamana ambayo hakuna mtumiaji aliyempigia, na soko lilipoanguka, shirika halikuwa na hata senti ya kumfidia aliyepoteza. Aliyeweka fedha zake pale alibaki peke yake. Wakili wa kweli hubeba lawama pamoja na mteja wake. Hawa walibeba heshima tu.

Madhara ya pili yaliwahusu watawala. Mwezi Mei 2013 idara ya jimbo la California iliyosimamia taasisi za fedha iliiandikia Bitcoin Foundation barua ya kuitaka ikome kufanya biashara ya kuhamisha fedha bila leseni. Shirika lilijibu kupitia mawakili wake kwamba halifanyi biashara hiyo. Jibu lilikuwa la kweli, lakini tujiulize kwa nini barua ilitumwa huko. Ofisa wa serikali alitafuta mwenye Bitcoin, akaona mlango umeandikwa jina la Bitcoin, akabisha. Shirika lilikuwa limejitundikia kibao, na kibao kikaita wageni. Ukijiita mwakilishi siku ya sherehe, usishangae ukiitwa mwakilishi siku ya kesi.

Halafu linganisha. Machi 2013, miezi miwili kabla ya barua hiyo, idara ya serikali kuu ya Marekani inayopambana na uhalifu wa kifedha, FinCEN, ilitoa mwongozo wake. Mwongozo huo haukumtafuta mwakilishi wa Bitcoin. Ulitofautisha mtumiaji anayenunua bidhaa na mfanyabiashara anayebadilisha au kuhamisha fedha za watu, ukasema huyu wa pili ndiye anayepaswa kujisajili. Sheria ilimfikia mlengwa bila kupitia kwa msemaji yeyote. Majirani zetu wa Kenya nao, katika sheria waliyoipitisha mwaka 2025 kuhusu mali za kidijitali, wamewalenga watoa huduma, yaani makampuni yanayopokea na kushika mali za watu. Kumbe serikali inaweza kutawala yanayotawalika bila kuvumbua mfalme wa sarafu isiyo na mfalme.

Kisha likaja jambo linalopaswa kuwafunga mdomo watetezi wa uwakilishi. Aprili 2015 mjumbe mpya wa bodi, Olivier Janssens, aliyekuwa amechaguliwa muda mfupi tu kabla, alitangaza hadharani kwamba shirika kimsingi limefilisika. Andresen na watunzaji wenzake wawili wa msimbo walihamia kwenye mradi wa sarafu za kidijitali wa chuo kikuu cha MIT. Je, Bitcoin ilisimama? Kurasa za daftari ziliendelea kuongezwa kila dakika 10 kama jana na juzi. Nchi ikikosa serikali wiki moja raia wote huhisi. Mwakilishi ambaye akianguka anayewakilishwa hahisi chochote, alikuwa akiwakilisha nini?

Watu wakasema kosa lilikuwa la shirika lile moja, na kwamba likija kundi kubwa na makini mambo yatanyooka. Mwaka 2017 kundi hilo lilikuja. Mwezi Mei makampuni 58 kutoka nchi 22 yalitia sahihi makubaliano huko New York ya kubadili kanuni za Bitcoin ili kila ukurasa wa daftari ubebe miamala mingi zaidi. Yalijigamba kwamba waliotia sahihi walishika zaidi ya asilimia 83 ya nguvu yote ya uchimbaji. Kwa hesabu ya kawaida ya siasa, mjadala ulikuwa umekwisha. Lakini watumiaji wengi waliokuwa wakiendesha programu kwenye kompyuta zao walikataa kuweka toleo jipya, na watunzaji wengi wa msimbo hawakuunga mkono. Tarehe 8 Novemba 2017 viongozi wa mpango huo wakaufuta wenyewe, wakikiri kwamba hawakupata mwafaka wa kutosha. Makampuni 58 yalikuwa yamepiga kura kwa niaba ya watu ambao hayakuwauliza, na watu hao wakajibu kwa kutofanya lolote. Sijui kura ya hapana iliyo nyepesi na yenye nguvu kuliko hiyo.

Kilele cha madai haya kilifikiwa na mtu mmoja. Craig Wright, raia wa Australia, hakutosheka kusema anaiwakilisha Bitcoin. Alisema yeye ndiye Nakamoto, baba wa sarafu. Akawashtaki watu mahakamani kwa msingi huo. Andresen huyohuyo, aliyewahi kuwa mwanasayansi mkuu wa Bitcoin Foundation, alisema mwaka 2016 kwamba anaamini madai ya Wright, na haki yake ya kubadili msimbo ikaondolewa na wenzake. Machi 2024 Mahakama Kuu ya Uingereza ikaamua kwamba Wright siye Nakamoto. Hapa kuna somo zito kwetu wanafunzi. Mtu aliyepokea kazi kutoka kwa Nakamoto alisadiki, na bado daftari halikubadilika hata mstari. Laiti Bitcoin ingekuwa na msemaji rasmi ambaye neno lake ni amri, neno hilo lingetosha kumtawaza mtu asiyehusika.

Sasa nije nyumbani, kwa sababu kuna atakayesema haya ni ya Wazungu na fedha zao. Hapa Uganda tumekwisha kuuonja ubaya wake. Kampuni ya OneCoin, iliyoanzishwa mwaka 2014 na Mbulgaria Ruja Ignatova, ilijinadi kuwa ina sarafu itakayoipiku Bitcoin. Haikuwa sarafu iliyogatuliwa hata kidogo. Daftari la wazi ambalo kila mtu angeweza kulikagua halikuwapo. Ilichokuwa nacho ni wawakilishi. Walikuwa na suti, mikutano ya kumbini, vyeti na ofisi, na kila mmoja alipata kamisheni kwa kumleta mwingine. Mwaka 2017 Benki Kuu ya Uganda iliwatahadharisha wananchi kuhusu OneCoin, na Oktoba mwaka huohuo Ignatova akatoweka. Waendesha mashtaka wa Marekani wanasema fedha zilizochukuliwa duniani zinapita dola bilioni 4. Humo zimo fedha za mahindi na za ng'ombe waliouzwa katika nchi yetu.

Siifananishi Bitcoin Foundation na OneCoin. La kwanza lilikuwa shirika halali lililoshindwa. La pili lilikuwa utapeli. Lakini matapeli hula kwenye sahani iliyoandaliwa na wengine. Mwananchi akishazoea kwamba sarafu ya kidijitali ina wakubwa wake, wenye makao makuu na wajumbe wa bodi, atakapojiwa na mtu mwenye beji atauliza tu kama beji ni halisi. Hatauliza swali lililokuwa la kwanza: sarafu isiyo na mwenyewe inatoaje beji?

Najua nitajibiwa. Wapo watakaonitolea methali kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali hiyo ni ya kweli baharini, ambako chombo ni kimoja na usukani ni mmoja. Hapa kila abiria ana chombo chake, na wote wanafuata nyota ileile kwa hiari. Yaliyotokea mwaka 2017 yameonyesha kwamba chombo kilikaribia kwenda mrama pale manahodha wachache walipojaribu kuishika mikono ya wote.

Wengine watauliza nani atawalipa wataalamu wanaotunza msimbo. Hili ni swali la haki, maana mtaalamu naye ana watoto na kodi ya nyumba. Bitcoin Foundation ilimlipa Andresen, na kwa hilo inastahili shukrani. Hata hivyo, ilipofilisika, wafadhili wengine walijitokeza, MIT ikiwa mmojawapo, na leo watunzaji hulipwa na vyuo, makampuni na mifuko mbalimbali. Kumlipa mpagazi hakukufanyi mwenye mzigo. Anayetaka kufadhili afadhili, asidai shukrani yake kwa sarafu ya ubingwa.

Wapo pia watakaosema kwamba bunge likiuliza maswali ni lazima mtu ajibu. Novemba 2013 Patrick Murck, mwanasheria wa shirika, alifika mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani, na wengi wanakubali kwamba maelezo yake yalisaidia kupunguza hofu. Sina ugomvi na maelezo. Mwanasheria, mwalimu, mfanyabiashara au mwanafunzi anaweza kuliambia bunge anachokijua, kwa jina lake mwenyewe. Ugomvi wangu ni na lile neno dogo kwa niaba ya. Shahidi husema alichokiona, na mwakilishi hutoa ahadi. Hakuna binadamu anayeweza kuliahidi bunge lolote kwamba Bitcoin itafanya hivi au haitafanya vile, na anayetoa ahadi hiyo anauza asichokuwa nacho.

Ninachopendekeza ni kidogo na hakigharimu fedha. Tuyaite mambo kwa majina yake. Umoja wa wenye masoko ya sarafu ni chama cha wafanyabiashara, na chama cha wafanyabiashara kina haki ya kutetea biashara yake mradi kiseme ni yake. Mfuko wa kulipa wataalamu ni mfuko wa ufadhili. Anayehubiri uzuri wa Bitcoin ni mpenzi wa Bitcoin. Waandishi wetu wa habari wasiandike tena msemaji wa Bitcoin kama wanavyoandika msemaji wa jeshi. Wabunge wetu wakiletewa mtu anayeitwa mwakilishi wa sarafu hizi, wamuulize anamiliki nini, analipwa na nani, na sheria anayoitaka itamfaidi nani. Majibu yakitolewa kwa uwazi, watamsikiliza kama wanavyomsikiliza mwenye kiwanda cha sukari anapozungumzia kodi ya sukari.

Na sisi tunaosoma na kufundisha Kiswahili tuna sehemu yetu. Maneno haya mapya yanaingia katika lugha mbele ya macho yetu, na mengi hayajapata maana iliyotulia. Tukikubali mwakilishi litumike kwa mtu ambaye hakutumwa, tutakuwa tumempa tapeli wa kesho ufunguo wa nyumba ya jirani. Tulibane neno hilo. Kila anayejiita mwakilishi wa sarafu isiyo na kitovu aulizwe, kwa Kiswahili chepesi cha sokoni: umetumwa na nani, na tukikukataa twende tukakushtaki wapi?